Mtoto Wangu Ataishi kwa Mpira?

Jambo kwenu hapa Bweremana, jambo Shasha na Kirotshe, jambo Sake, na jirani zetu wa Minova ambao mkoa wao ni mwingine lakini ziwa letu ni moja. Nanyi mlioko milimani, Ngungu na Masisi kati, na mlioko mbali kule Walikale ambako sauti hii inafika siku ikitaka, nawasalimia pia. Kama kuna mtu anachagua maharagwe, aendelee kuchagua. Tutaongea polepole.

Leo nimeleta habari ya mpira. Nasikia mzee mmoja anaguna: tena mpira? Hapana, mzee wangu, leo sitasema nani amefunga na nani amefungwa. Nimeletewa swali, na walioniletea si vijana wenyewe. Ni wazazi. Wanauliza: mtoto wangu ataishi kwa mpira?

Mama mmoja anayeuza sambaza kando ya barabara alinisimamisha. Mwanawe ana miaka 14, ameanza kuchelewa masomo, na kuna mtu amefika nyumbani akisema atampeleka nje kufanya majaribio katika timu kubwa. Mtu huyo anataka dola. Mama anataka kuuza mbuzi. Akaniuliza: nilipe ao nisilipe?

Na kijana mmoja akaniletea swali la mzazi mwingine, ambalo sikulitegemea. Shangazi yake yuko Australia, alipelekwa huko na familia yake baada ya miaka mingi ya kambi. Mtoto wa shangazi ameanza kucheza ule mpira wao wa Australia, wenye umbo la yai, na walimu wanamsifu. Shangazi anapiga simu anauliza: ninyi mnaojua mambo ya mpira, huyu mtoto atapata kazi kweli?

Maswali mawili, bahari katikati yake. Lakini mimi naona yanaulizwa na moyo mmoja, na leo nitayajibu pamoja.

Kwanza nitoe jibu langu mapema, ili asiwepo wa kusema nilimficha. Wengi hawatafika. Nitarudia, maana najua jibu hili halipendezi: watoto wengi wenye kipaji hawataishi kwa mpira. Si hapa tu. Hata kule kwenye viwanja vya majani mabichi, daktari kando ya mstari na maji ya chupa, wengi hawafiki. Swali ninalolijali mimi liko pengine: huyo mmoja atakayefika, atafika kwa namna gani? Na hao wengi ambao hawatafika, tutakuwa tumewanyang'anya nini njiani?

Nendeni uwanjani saa kumi jioni. Magoli ni miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba. Upande wa chini umeinama, mpira ukitoka unateremka hadi barabarani, na anayeukimbilia lazima atazame kwanza kama hakuna pikipiki inayotoka Minova. Juzi niliwaangalia ndugu wawili. Wana viatu vya mpira jozi moja. Mkubwa anapiga kwa mguu wa kulia, basi anavaa cha kulia. Mdogo ni wa kushoto, anavaa cha kushoto. Mguu wa pili wa kila mmoja una sandali ya plastiki. Yule mdogo alipokea mpira kwa kifua, akauacha udunde mara moja, akaupitisha katikati ya wavulana wawili waliomzidi kichwa kizima, na mwenzake akaukuta mbele ya goli bila hata kupunguza mbio. Wazee waliokuwa wameketi juu ya mawe walisimama.

Kwa hiyo kipaji kipo, sitapoteza muda wenu juu ya hilo. Kipaji hapa Bweremana ni kitu cha kawaida. Kinachokosekana ni yote yanayokizunguka.

Sasa twende kwa shangazi wa Australia, kwa sababu kule tutaona kitu kinachotusaidia kujielewa.

Mpira wao ni mchezo wa pekee. Uwanja ni wa mviringo, mkubwa kuliko uwanja tunaoujua. Kila upande una wachezaji 18. Mpira unapigwa kwa mguu, lakini unaruhusiwa kuushika, kukimbia nao ukiudundisha, na kumpa mwenzako kwa kuupiga ngumi. Magoli ni milingoti minne iliyosimama, bila mtambaa juu. Ligi yao kubwa inaitwa AFL, ina timu 18, zote nchi moja. Hapo mtega sikio ameshaona shida ya kwanza: mtoto wa shangazi akikosa nafasi katika timu hizo 18, hawezi kwenda kuuza ufundi wake Ubelgiji au Misri. Nje ya Australia hakuna wa kumlipa mshahara wa maana kwa mchezo huo.

Vijana wanaingiaje? Kila mwisho wa mwaka timu zinakaa pamoja na kuchagua kwa zamu vijana, wengi wao wakitimiza miaka 18 mwaka huo. Na sikieni utaratibu huu, mimi unanifurahisha: timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza. Aliyeshindwa anapewa nafasi ya kupata kijana bora. Katika uteuzi huo mkuu wanachukuliwa vijana wasiofika mia. Nchi nzima, kila mwaka, hawafiki mia! Na wanaotamani ni maelfu.

Hata hivyo kuna mtoto mmoja ambaye historia yake inafaa isikike kwetu. Anaitwa Aliir Aliir. Wazazi wake ni watu wa Sudan Kusini, na yeye alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya Kakuma, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kakuma, ndugu zangu. Ile ile Kakuma ambako leo wako Wakongo wengi, pengine na mjomba wa mtu anayenisikiliza sasa. Familia yake ilipelekwa Australia akiwa mtoto. Mwaka 2013 timu ya Sydney ilimchagua, akiwa wa 44 katika uteuzi ule. Wa 44, si wa kwanza. Akangoja. Mechi yake ya kwanza katika ligi kubwa aliicheza mwaka 2016. Mahesabu ni yenu: aliandikwa, akala chakula cha timu, akafanya mazoezi, na misimu ikapita kabla ya kuitwa. Baadaye akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akaingizwa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima.

Kwa hiyo, shangazi, jibu lako ni: inawezekana, na aliyeonyesha kwamba inawezekana alitoka kambini. Lakini mwangalie vizuri huyo Aliir. Aliandikwa kwa jina lake na umri wake. Hakuna aliyemwambia mama yake auze kitu kwanza. Kama asingechaguliwa, angebaki na masomo yake na nchi ya kuishi. Mlango ulikuwa mwembamba, ndiyo, lakini kuukosa kusingemuua.

Na kabla sijaondoka Australia, kuna mwingine. Alizaliwa Rio de Janeiro, mama Mbrazili, baba mwenye asili ya Kongo. Akakulia Perth. Alipoingia katika timu ya Collingwood, watu walimjua kama Harry O'Brien. Mwaka 2010 akachukua ubingwa na timu hiyo. Mwaka 2013, akiwa mchezaji mkubwa tayari, akasema: kuanzia sasa niiteni Héritier Lumumba. Jina la kuzaliwa. Pia alieleza namna alivyobaguliwa kwa rangi ndani ya timu yake mwenyewe, na wengi hawakutaka kumsikia. Mwaka 2021 ripoti ambayo timu yenyewe iliiagiza ikakubali kwamba ubaguzi ulikuwamo katika mfumo wa klabu. Shangazi, usimfiche mtoto habari hiyo. Akiwa anakwenda huko, aende anaijua.

Haya, turudi nyumbani. Mmekaa vizuri? Kama betri ya redio inaisha, itoeni muiweke juani kidogo kesho, lakini leo mnivumilie.

Kwetu njia ikoje? Kijana anaanza mtaani, anaingia timu ya kijiji, akibahatika anaonekana na timu ya Goma. Watu wanataja DC Virunga, wanataja Dauphin Noir, AS Kabasha. Kutoka hapo anaota Lubumbashi au Kinshasa: TP Mazembe, ambako kuna akademia, au Vita Club. Njia hiyo ni ndefu hata wakati wa amani. Sasa ongezeni tuliyoyaona sisi. Mwezi wa Februari 2024 vita vilifika Shasha, na barabara ya kwenda Goma ikakatika. Mnakumbuka tulivyokuwa tunapita ziwani. Januari 2025 vita vikatupitia hapa hapa na kufika Goma, na ratiba ya mpira wa mkoa ikavurugika. Kijana wa miaka 16 akipoteza misimu miwili hivi, hawezi kuirudisha. Mwili wake hautangoja mazungumzo ya amani.

Wachezaji wetu wa taifa walilijua hilo. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji Côte d'Ivoire. Wimbo wa taifa unapigwa, vijana wetu wameziba midomo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine wameweka vidole kichwani kama bastola. Dunia ikauliza, wana nini hawa? Sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunasikia mizinga kwa masikio yetu. Tulifungwa bao moja kwa sifuri jioni ile, lakini wapo waliolia kwa sababu nyingine kabisa.

Ila nisiwadanganye. Katika kikosi kile wengi walizaliwa Ufaransa, Ubelgiji, Uswisi, watoto wa Wakongo walioondoka zamani. Siwalaumu, ni damu yetu. Chancel Mbemba, nahodha, aliyezaliwa Kinshasa, ndiye aliyepiga penalti ya mwisho iliyowatoa Nigeria katika mchujo wa Kombe la Dunia kule Rabat, Novemba 2025, na sijui ni nani hapa aliyelala mapema usiku ule. Lakini mzazi wa Bweremana anapoangalia timu ya taifa na kusema "na wangu atakuwa pale", ajue kwamba mwanawe anashindana pia na watoto waliofundishwa Paris na Brussels tangu wana miaka sita.

Sasa nafika mahali ninapotaka tukae kidogo. Nani anamjua Silas?

Wapenzi wa Bundesliga wanamjua: alikuwa mshambuliaji wa VfB Stuttgart, mwenye mbio za ajabu. Msimu wa 2020 hadi 2021 alifunga mabao 11 katika ligi ya Ujerumani. Jina lililoandikwa mgongoni na kwenye karatasi zote lilikuwa Silas Wamangituka. Juni 2021 akatoka hadharani na kusema: hilo si jina langu. Mimi ni Silas Katompa Mvumpa. Nimezaliwa mwaka 1998, si 1999.

Ilikuwaje? Alitoka Kinshasa akiwa kijana, akaalikwa kufanya majaribio Anderlecht, Ubelgiji. Viza yake ikakaribia kuisha. Akaambiwa kwamba akirudi nyumbani hataweza tena kuja Ulaya. Mtu aliyemsimamia wakati ule akamchukua, akamweka kwake Paris, akashika karatasi zake, akashika pesa zake, akambadilishia jina na kumpunguzia mwaka mmoja. Fikirini. Mtoto yuko nchi ya watu, hana karatasi mkononi, hana pesa mkononi, jina analoitwa si lake, na yule mtu anaweza wakati wowote kumtisha kwamba atasema. Timu yake ilisema yeye ndiye aliyetendewa vibaya. Hata hivyo Wajerumani walimfungia miezi mitatu na kumtoza faini, kwa sababu sheria ni sheria.

Silas alifika. Alikuwa mmoja wa wachache. Na hata alipofika, miaka ile yote alikuwa anaogopa karatasi yake mwenyewe.

Kwa nini mtu abadilishe mwaka mmoja tu? Kwa sababu katika soko la mpira kijana wa miaka 18 ana bei kubwa kuliko wa miaka 19 mwenye kipaji kile kile. Ndiyo maana kuna watu wanaokuja kwetu na kumwambia mzazi: mtoto huyu ana 16, tuandike 13. Wazazi wengine wanacheka, wanasema, ni kitu gani, ni karatasi tu. Tangu mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria, FIFA inaweka mkono wa mtoto ndani ya mashine na kupima mfupa wa kifundo. Mfupa haujui kusema uongo. Mtoto akirudishwa kutoka huko, anarudi na aibu ambayo si yake, ni yenu mliomwandikia.

Lakini kabla ya kuwalaumu wanaodanganya umri, mimi nauliza: sisi ambao hatudanganyi, tumeandika umri wa nani? Sheria ya nchi yetu inampa mzazi siku 90 tangu mtoto azaliwe kwenda kumwandikisha kwa Leta, bila malipo. Siku 90. Zikipita, unahitaji hukumu ya mahakama, na hapo safari na gharama zinaanza. Ni wangapi hapa walioandikisha? Najua majibu: ofisi ilikuwa mbali, tulikuwa wadeplase, tulikimbia usiku na karatasi zikabaki. Ni kweli yote. Lakini mtoto asiye na karatasi, yeyote anaweza kumwandikia jina na mwaka anaoutaka. Silas alikuwa na jina, likaondolewa. Wetu wengine hata la kuondoa halipo.

Na hapa kuna pesa pia. Wenye timu za mtaani, makocha mnaonunua mipira kwa mshahara wa ualimu, hebu sogeeni karibu na redio.

FIFA ina sheria: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine, sehemu ya bei hiyo inarudi kwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Ni asilimia tano ya bei. Nitoe mfano mwepesi. Tuseme kijana ameuzwa dola milioni moja. Elfu hamsini zinagawanywa kwa timu zilizomlea. Mwaka aliokuwa na miaka 12 unalipwa 2,500. Wa miaka 13, tena 2,500. Hivyo hivyo hadi miaka 15. Kuanzia 16 kila mwaka unalipwa 5,000. Narudia, ili aliyekuwa anakoroga ugali asikie: timu iliyomlea mtoto wakati ana miaka 12 tu, mwaka mmoja, inadai dola 2,500 kwa mchezaji wa milioni. Pesa hiyo inaweza kununua mipira ya wilaya nzima!

Tangu mwaka 2022 FIFA ina ofisi Paris inayopitisha malipo hayo. Ofisi hiyo inatazama nini? Inatazama rejista. Mchezaji alikuwa na leseni ya timu gani, mwaka gani. Kama timu yako inajulikana na ligi ya mkoa, LIFNOKI, na kupitia hapo na shirikisho la taifa, FECOFA, na mtoto aliandikwa, mwaka wake unahesabiwa. Kama mtoto alicheza kwako miaka mitano kwa upendo tu, bila karatasi, kwao ni kana kwamba siku hizo hakuishi. Kocha mmoja alinijibu kwa hasira niliposema haya: leseni inalipiwa, nani atalipa? Ana haki ya kuuliza. Mimi nilidhani wale wanaochangisha kila mwaka wa uchaguzi kununua jezi zenye picha zao wangeweza kulipia leseni badala ya picha, lakini labda mimi sijui siasa.

Sasa mama wa sambaza. Mama, nimekuzungusha, nisamehe. Swali lako: nilipe ao nisilipe?

Usilipe. Na nitakupa sababu ambazo unaweza kumwambia mtu huyo usoni. Moja, mwanao ana miaka 14. Sheria ya FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira. Kuna milango michache ya pekee, kwa mfano mtoto aliyekimbia nchi yake kuokoa maisha, au aliyehama na wazazi kwa sababu isiyo ya mpira. Kijana wako haingii hapo. Basi mtu anayesema atampeleka katika timu ya nje mwaka huu, anasema kitu ambacho timu ya kweli haiwezi kukifanya. Halafu mwulize leseni yake. Wasimamizi wa wachezaji wanafanya mtihani wa FIFA, wanapewa leseni, na majina yao yanaweza kutazamwa. Na msimamizi wa kweli anakula katika mkataba wa mchezaji, mkataba ukiwa umeshasainiwa. Hali mbuzi wa mama.

Nimewahi kwenda usiku na wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa juu ya maji. Sambaza hawavutwi kwa nguvu. Wanaifuata taa wenyewe, kwa furaha, na wavu uko chini yake. Hao watu wanaopita vijijini na picha za viwanja vya Ulaya katika simu wanajua kazi ya taa.

Kuna atakayesema: unatuvunja moyo. Hapana. Mimi ninazo njia ninazozipenda, na mojawapo inapita katika lugha hii hii tunayoongea. Fiston Mayele, mzaliwa wa Mbuji-Mayi, alicheza Vita Club, kisha mwaka 2021 akaenda Dar es Salaam, Yanga. Alikuwa na miaka 27. Siyo 17! Tanzania nzima ikajifunza kutetema, yaani kushangilia bao kama yeye. Msimu wa 2022 hadi 2023 akaongoza kwa mabao katika Kombe la Shirikisho la Afrika. Akanunuliwa na Pyramids ya Misri, na Juni 2025, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Mamelodi Sundowns, akafunga na kombe wakalichukua. Na kabla yake, miaka ya 1990, Shabani Nonda alipita Yanga hiyo hiyo, na baadaye mkamwona Monaco akicheza fainali ya Ulaya mwaka 2004. Dar es Salaam mtoto wetu anajua kuomba maji na anaweza kusoma mkataba wake bila mkalimani. Mimi, kama ningekuwa na kijana wa miaka 19 mwenye mguu mzuri, ningeangalia mashariki kabla ya kuangalia kaskazini.

Lakini mtoto wa miaka 14, mama, kazi yake ya sasa ni masomo asubuhi na mpira jioni. Nimesikia vijana wakisema shule inapoteza muda wa mchezaji. Lakini kumbukeni, Silas alishikiwa karatasi na mtu mwingine. Mtoto anayejua kusoma Kifaransa anaona alichoandikiwa. Na akivunjika goti kesho kutwa, maana magoti yanavunjika, diploma ya Leta haivunjiki.

Bado dakika chache, na kuna swali ambalo hakuna aliyeniuliza, nikashangaa. Wazazi wote walioniletea habari hii walisema "kijana wangu". Na binti?

Novemba 2024, kule Moroko, timu ya wanawake ya TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika. Wasichana wa Kikongo, mabingwa wa bara zima. Hapa kwetu, ile saa kumi jioni niliyowaambia mwende uwanjani, wavulana wako ndani ya mstari, na wasichana wanapita kando yake na madumu ya maji. Nimemwona mmoja, mpira ukamfikia, akautuliza kwa mguu bila kushusha dumu, akaurudisha kati kabisa ya uwanja, akaendelea na njia yake. Kocha alicheka. Mimi ningemwuliza jina.

Basi makocha wa Bweremana, nawaomba: mkipeleka orodha ya majina kwa ajili ya leseni, tuandikieni hapa redioni mtuambie ni majina mangapi na wasichana wangapi. Tutayasoma. Wiki ijayo saa hii hii tutaongea juu ya bei ya makala, na yupo mama wa Kirotshe ameahidi kuja mwenyewe.